Ukumbi wa sanaa wa mtaani unaoonyesha kila kitu: ni maonyesho, au ni duka lenye taa nzuri?

Mtundika Picha (mwanzilishi wa uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina jambo ambalo limenikaa rohoni kwa miaka minne niliyojitolea kutundika kazi katika ukumbi mdogo wa sanaa wa jamii hapa Dar es Salaam, nami naomba tulijadili kwa utulivu. Ukumbi wenyewe ni ghala la zamani lenye paa la bati na mlango mpana wa chuma, ambao ukifunguliwa wote, mpita njia anayeelekea kituoni huona kila kilichomo. Katika mwaka mmoja tu, ukuta uleule wa mashariki umebeba picha za Tingatinga, picha zilizopigwa kwa simu na vijana wa mtaa, kanga kuukuu za akina mama wa kikundi cha kusaidiana, michoro ya wanafunzi wa shule ya msingi, na chini yake vinyago vya mpingo vilivyopangwa juu ya kreti za soda kwa kuwa meza hazikutosha.

Wapo wenzetu wanaosema kwamba ukumbi unaoonyesha kila kitu hauna msimamo, na kwamba tungechagua fani moja tukaishikilia. Mimi sikubaliani nao. Ukumbi ulio katikati ya watu unapaswa kupokea kile ambacho watu hao wanakitengeneza, na watu hao hawatengenezi kitu kimoja. Kasoro yetu ninaiona kwingine: tunatundika, kisha tunanyamaza. Mgeni anaingia, anakuta kazi thelathini zisizo na neno hata moja kando yake, na kwa kuwa hatujampa swali la kuuliza, anauliza lile analolijua, yaani bei. Mwaka jana nilikaa mlangoni Jumamosi nzima, daftari mkononi, nikawa natia alama kila mgeni alipofungua kinywa. Wengi swali lao la kwanza lilikuwa "hii shilingi ngapi?", na la pili likawa "mwisho wake?". Ukumbi uliokusudiwa kuwa wa maonyesho ulikuwa umegeuka duka, na hapakuwa na kikao chochote kilichoamua hivyo.

Chukueni mfano wa picha za Tingatinga, ambazo sisi wa Dar es Salaam tumezizoea hadi hatuzioni tena. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga kabla ya kuja mjini, na alianza kuchora mwaka 1968 kwa vitu vilivyopatikana katika duka lolote la vifaa vya ujenzi: rangi ya mafuta inayong'aa, ile ambayo watu hupaka baiskeli na milango, na hadibodi ambayo mafundi hufungia dari. Hadibodi moja ya futi 4 kwa 8 ukiikata vizuri hutoa vipande vinane vya futi 2 kwa 2 bila kutupa hata ukanda mmoja, na picha nyingi za mwanzo ni za mraba wa ukubwa huo. Alikuwa akiuzia kazi zake Morogoro Stores, Oysterbay, na mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine, akiwa hajatimiza hata miaka mitano ya uchoraji. Mgeni akiyasoma hayo katika mistari sita, ule mraba wa chui mwenye madoadoa unaacha kuwa pambo la sebuleni. Anausogelea, anaangalia kingo zake, anatafuta mahali rangi ilipotuama. Ukutani kwetu hapakuwa na hata mstari mmoja wa habari hizo. Palikuwa na kijikaratasi chenye namba ya simu ya mchoraji.

Aibu yangu kubwa zaidi ilikuwa katika onyesho la kanga. Tulikuwa na kanga kumi na tisa, na fimbo zetu za kutundikia zilikuwa fupi, hivyo nikaamua kuikunja kila kanga sehemu ya chini ili zote zienee ukutani kwa mpangilio unaopendeza. Nilipima kwa tepu na pimamaji, mistari ikanyooka, nikajipongeza. Siku ya ufunguzi akaingia bibi mmoja aliyeleta kanga tatu kati ya zile, akatembea taratibu kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, akasimama, kisha akaniambia kwa upole ulionichoma kuliko angenigombeza: "Mwanangu, mbona mmeyakunja majina?" Nikatazama. Kweli, nilikuwa nimeikunja kila kanga juu kidogo ya maandishi yake. Nilikuwa nimeonyesha pindo na mji, yaani mapambo ya kingoni na ya katikati, nikalificha jina, na jina ndilo linalomfanya mwanamke achague kanga hii aiache ile, ndilo linalotumwa kwa jirani, kwa wifi, kwa mume.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kwa nini tunadhani kwamba watu wetu hawana mazoea ya kusoma picha yenye maelezo. Kanga ni picha yenye lebo ndani yake, na tumekuwa tukiivaa mwilini kwa zaidi ya karne moja. Wafanyabiashara wa pwani, kama yule Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa aliyejulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla", walielewa mapema kwamba nguo ileile huuzika vingine ikibadilishwa maneno. Majina yaliandikwa kwanza kwa hati ya Kiarabu, kisha kwa herufi za Kirumi, na msomaji hakupotea.

Basi naomba mawazo. Ukumbi wa jamii wenye maonyesho ya namna nyingi uandike nini kando ya kazi, uandike kiasi gani, na ni nani wa kuandika?

---

Mzee wa Tezo

Kijana wangu, nimeusoma uzi wako hadi mwisho, na ninaona una hoja, ila usiniguse katika neno duka. Mimi nimechonga mpingo tangu nikiwa kijana mdogo, hapo Mwenge na kabla ya Mwenge, na watoto wangu wamesoma kwa vinyago vilivyoulizwa bei. Anayeuliza bei amekwisha kutazama. Hajui aendelee vipi, basi.

Nikubaliane nawe katika hili: kinyago kisichoelezwa kinapotezewa umri na ukoo wake. Watu wanaingia katika kumbi zenu, wanaona mnara wa watu waliobebana, wanasema "hiyo ni ujamaa", wanapita. Mtindo huo sisi tuliuita *dimongo* kabla siasa haijaupa jina. Mchongaji anayetajwa kuuanzisha ni Yakobo Sangwani, Mmakonde aliyetoka Msumbiji, na kinyago chake cha mwanzo kilikuwa cha mpiganaji mieleka aliyeshinda, akainuliwa mabegani na wenzake. Ni furaha ya uwanjani ile. Jina la ujamaa lilikuja kukikalia baadaye, nchi ilipokuwa inatafuta picha ya kuonyesha mshikamano, na kikakaa vizuri, sikatai. Lakini lebo inayosema "ujamaa" peke yake imemfuta yule mpiganaji.

Vinyago vya mashetani navyo ni hivyohivyo. Inasimuliwa kwamba Samaki Likankoa, katika miaka ya 1950, alikuwa akichonga mtu wa kawaida, mkono ukakatika, naye badala ya kuitupa kazi akaiendeleza ikawa kiumbe kingine, na mfanyabiashara Mohamed Peera aliyekuwa akinunua vinyago Dar es Salaam akakipenda na kutaka vingine. Angalia mambo mawili yaliyo hapo: ajali, na mnunuzi. Ukitaka kumweleza mgeni ukweli wa kinyago cha shetani, huwezi kulitoa duka ndani ya hadithi hiyo.

Sasa lalamiko langu. Kuna ukumbi mmoja, sitautaja, uliochukua kazi yangu ya mwaka mzima ukaiweka karibu na kiyoyozi, juu ya stendi nyeupe, chini ya taa kali. Mpingo hauzoei hali hiyo kwa siku tatu. Niliporudi wiki ya pili, ufa ulikuwa umetoka shingoni hadi kifuani, na mhusika akaniambia ufa unaongeza uhalisia. Kabla hamjajifunza kuandika lebo, jifunzeni mbao.

---

Wa Kiambu Road

Salamu kutoka Nairobi. Nashukuru kwa mada hii, kwa maana sisi huku tumekuwa na mjadala wa aina hiyo kwa muda mrefu, ingawa huwa tunaupa majina mengine.

Paa ya Paa, kituo cha sanaa, ilianzishwa Nairobi mwaka 1965, na anayehusishwa nayo zaidi ni Elimo Njau, ambaye nyumbani kwao ni Marangu, upande wenu wa Kilimanjaro, na aliyesomea sanaa Makerere. Wengi wanajua mafundisho yake kwamba mtu asiige, kwa kuwa kuiga humfanya Mungu asinzie. Mahali pale palionyeshwa picha, vinyago, mashairi na michezo ya kuigiza bila kuuliza ni fani gani iliyo bora, na baada ya moto wa mwaka 1997 kuteketeza sehemu kubwa ya kilichokuwemo, pamoja na kumbukumbu, wenyewe waliendelea katika eneo lilelile. Ninalitaja jambo la moto kwa sababu moja inayohusu mada. Kazi inapoungua na hakuna mahali pengine palipoandikwa ilikuwa nini, nani aliifanya na lini, inakuwa imekufa mara mbili. Lebo nzuri hunakiliwa katika daftari, na daftari hulala katika nyumba nyingine.

Mfano wa pili ni Nairobi Gallery, katikati ya mji. Jengo lile la mwaka 1913 lilikuwa ofisi ya mkuu wa mkoa wakati wa ukoloni, mahali watu walipoandikisha vizazi, ndoa na vifo. Leo limehifadhi sehemu ya mkusanyo wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, na ndani yake utakuta nguo, vito, stempu, vitabu, samani na kazi za wasanii wa Afrika katika vyumba vinavyofuatana. Ukiorodhesha vitu hivyo kwenye karatasi, vinaonekana kama mali ya mnada. Ukitembea, vinashikana, kwa sababu kila chumba kinakukumbusha kwamba ni mtu mmoja na mkewe waliovichagua, na unaanza kumfuatilia mchaguaji. Hilo ndilo jibu langu kwa wanaokuambia uchague fani moja. Mchanganyiko unahitaji uzi wa kuushona, na uzi huo unaweza kuwa jicho la mtu, mtaa, au hata kifaa. Je, ninyi mmewahi kufanya onyesho la vitu vyote vilivyotengenezwa kwa rangi ya baiskeli?

Lakini nina ugumu mmoja na Tingatinga. Mafundisho ya Njau na karakana za Tingatinga havikai chungu kimoja. Nilipotembelea Dar es Salaam niliona simba yuleyule, amegeuza shingo vilevile, katika vibanda saba. Lebo itasema nini hapo?

---

Bint Gerezani

Nami nitasema machache. Lebo mnazozizungumzia, pale zilipo, huwa za Kiingereza.

Nilimpeleka mama yangu katika onyesho moja la picha za wavuvi. Mama yangu ameuza samaki Feri kwa miaka ishirini na miwili, na picha zile zilikuwa za watu wa kazi yake. Alisimama mbele ya picha ya wanaume wanaovuta juya akaniuliza maandishi yanasema nini. Nikamsomea kwa kutafsiri: yalikuwa yanazungumzia utambulisho, kumbukumbu na mwili. Mama akasikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Hawa wamevuta nyavu tupu, tazama wanavyosimama. Juya lenye samaki halivutwi hivyo." Hapakuwa na mtu wa kuliandika hilo, na lilikuwa maelezo bora kuliko yaliyobandikwa.

Kwa hiyo, kaka Mtundika Picha, swali lako la mwisho, la nani aandike, ndilo ningeliweka la kwanza.

---

Mtundika Picha (mwanzilishi wa uzi)

Mzee wangu, shikamoo. Nimekusikia kuhusu neno duka na ninalirudisha mfukoni. Nilichokusudia kusema ni kwamba bei isiwe ndiyo taarifa pekee iliyopo ukutani. Kuuza hatuachi, kwa kuwa asilimia ndogo tunayokata kwenye mauzo ndiyo inayolipa umeme. Kuhusu mpingo, sisi hatuna kiyoyozi, bali tuna bati, na Januari mle ndani ni tanuri. Tumehamishia vinyago ukuta wa kusini, mbali na mlango, na tunaweka ndoo ya maji nyuma ya pazia. Sijui kama wataalamu wangeikubali ndoo ile, lakini tangu tuiweke hatujapata ufa mpya.

Hali ya hewa imetutesa katika picha pia. Rangi ya mafuta kwenye unyevu wa Aprili hukauka juu tu, chini inabaki mbichi. Tulipokea picha kumi na mbili zimefungwa kwa magazeti, tukazifungua baada ya siku mbili, na tembo mmoja akatoka na matokeo ya ligi ubavuni, yamejichapa kinyumenyume, yanasomeka vizuri ukitumia kioo. Mchoraji alitaka kuufuta ubavu wote na kuupaka upya. Nilimsihi auache, na mbele ya picha ile ndipo watu waliposimama muda mrefu kuliko zote.

Ndugu yangu wa Kiambu Road, swali la simba wa vibanda saba ni zito na sitalikwepa. Katika karakana za Tingatinga kuigana ndiko kulikokuwa shule. Waliomzunguka Edward Tingatinga, akina Kasper Tedo, Adeusi Mandu, January Linda, Omari Amonde na Simon Mpata, walijifunza kwa kukaa naye na kufanya alichofanya, na baadhi walikuwa ndugu zake. Baada ya kifo chake waliendelea kwa njia hiyohiyo hadi mwaka 1990 walipokuwa na chama cha ushirika kilichosajiliwa. Mwanafunzi huanza kwa kuandaa ubao na kupaka rangi ya nyuma, kisha anajaza madoa na majani, na mnyama anakuja baadaye. Kwa hiyo simba yule ni kama wimbo wa ngoma: anayeuimba leo hakuutunga, na hakuna anayemwita mwizi. Ninakubali hata hivyo kwamba kuna mpaka, na mtu anayechora leo kisha akaweka sahihi ya marehemu amevuka. Ukumbini kwetu tuliwahi kutundika simba watatu wa wachoraji watatu mmoja baada ya mwingine, wa ukubwa sawa, bila kutaja nani alimfuata nani, tukaona watu wanarudi nyuma na mbele wakihesabu vidole vya miguu. Yule wa kati alikuwa na vidole sita. Hata mchoraji mwenyewe hakuwa amejua. Ningependa kulirudia onyesho lile likiwa na lebo zinazosema waziwazi ni nani alijifunza kwa nani, na ninadhani hata Mzee Njau angelizunguka mara mbili kabla ya kukasirika.

Na onyesho la rangi ya baiskeli, hilo nimelichukua. Ubao wa kinyozi, ubavu wa daladala, mlango wa duka, picha ya Tingatinga, na baiskeli yenyewe, vyote vimepakwa rangi kutoka kopo la aina moja. Sikuwahi kufikiri kwamba mchanganyiko wetu unaweza kushonwa kwa kopo.

Dada Bint Gerezani, maneno ya mama yako kuhusu juya nimeyasoma mara tatu. Tumekaa jana jioni na wenzangu wanne tukakubaliana kujaribu hivi: kila onyesho litakuwa wazi siku mbili za kwanza bila lebo, na mmoja wetu atakaa na daftari, lakini safari hii kuandika wanachokiona watu badala ya kuhesabu wanaouliza bei. Lebo itaandikwa siku ya tatu. Itakuwa na jina la aliyefanya kazi, mahali anapofanyia, mwaka, vifaa kwa majina yanayotumika dukani, kisha sentensi mbili au tatu za Kiswahili, na mojawapo itoke kwenye daftari kwa ridhaa ya aliyeisema. Bei itakuwa mstari wa mwisho, kwa herufi za ukubwa uleule, si kubwa wala ndogo. Kiingereza kitafuata chini kwa wageni. Tutabandika upande wa kulia wa kazi, usawa wa kifua cha mtu mzima, ili mtoto wa darasa la nne naye afikie. Kwa kanga hatutaandika kitu juu ya jina lake. Tutaandika tu ni nani aliivaa na lini, na tutanunua fimbo ndefu.

Mwalimu mmoja wa kamati yetu ameuliza kama michoro ya wanafunzi nayo iwe na mistari yote hiyo. Mimi nasema ndiyo, hadi vifaa: penseli, karatasi ya daftari la mistari, maji ya majani ya mchicha. Mtoto aliyekamua mchicha apate rangi ya kijani anastahili kuandikiwa hivyo.

---

Bint Gerezani

Nimemsomea mama. Anauliza siku mbili hizo za daftari ni zipi katika juma, kwa kuwa Jumamosi na Jumapili yuko Feri hadi saa nane.

---

Mtundika Picha (mwanzilishi wa uzi)

Alhamisi na Ijumaa, kuanzia saa tisa alasiri. Kiti chake kitakuwepo.

---

Mzee wa Tezo

Marahaba, kijana. Nami nitaleta kitu. Nina gogo la mpingo nililolichonga nusu nikaliacha, upande mmoja uso umekwisha kutoka na kupigwa msasa, upande wa pili bado lina gamba na ule mti mweupe wa nje ambao wageni hawaamini kuwa ni mpingo. Liwekeni bila kamba wala kioo, watu walishike, wapate uzito wake mkononi. Maelezo yake andikeni ninyi wenye kalamu, lakini kabla ya kuyabandika nitampa mjukuu wangu wa darasa la tano asome kwa sauti, na pale atakapokwama mpafute. Je, stendi ipo?

---

Mtundika Picha (mwanzilishi wa uzi)

Stendi hatuna, mzee wangu. Kreti ya soda ipo.